Usingizi wa saa saba na nusu mchana

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukichoka katikati ya mji, unajilaza wapi?", nimeonyeshwa kwenye simu na binti anayeuza parachichi meza ya jirani. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, macho mazito, maana niliamka saa tisa usiku. Nikamwambia, hili nitalijibu mwenyewe.

Nauza vitunguu Soko Kuu hapa Arusha, huu ni mwaka wa kumi na moja. Vitunguu vinatoka Mang'ola, kule Karatu, na malori yanashusha usiku soko la Kilombero, hapa hapa mjini. Ukichelewa mpaka kumepambazuka, wenzako wameshachagua, unabaki na magunia ambayo juu yanang'aa na chini yameanza kutoa maji. Kwa hiyo alfajiri ya mapema mimi niko barabarani kutoka nyumbani Ngaramtoni, sweta ndani, kanga mbili juu. Mji wetu uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa saba anayeijua ni anayeamka saa hizo. Ikifika saa saba mchana nimeshasimama kwa muda wa saa nane, tisa. Mama lishe na watu wa hoteli wameshanunua wakaondoka, na wateja wa jioni wanaotoka kazini bado. Hapo katikati macho yanafumba yenyewe, hata ukiwa unahesabu chenji. Kurudi nyumbani ni zaidi ya kilomita 10, na foleni ya magari pale Sakina, njiani, haina huruma. Lazima nilale mjini.

Wanaume sijui kama swali hili linawahusu sana. Kijana wa bodaboda anajinyoosha juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, kofia usoni, anakoroma kwenye kona ambayo mimi hata kusimama dakika tano naona haya. Wabeba mizigo wanalala ndani ya mikokoteni yao, vichwa vikining'inia. Watu wanawapita. Mwanaume akilala njiani wanasema kachoka. Mwanamke akilala, wanasimama kuangalia.

Nalisema hili kwa sababu limenikuta. Ulikuwa mwaka wangu wa pili sokoni, wakati wa masika, na zilikuwa zimepita siku mbili bila mvua, nyasi zimekauka vizuri. Nikaenda kwenye bustani moja hapa mjini, nikatandika kanga chini ya mti, hela nimezifunga kiunoni, nikapitiwa na usingizi hapo hapo. Kilichoniamsha ni rungu likigonga soli ya kiatu changu. Mlinzi. "Mama, unaumwa au umekunywa?" Nikamwambia nimechoka tu. Akasema hapa si mahali pa kulala, kama nataka kukaa ninunue soda. Nilipoinua kichwa niliona watu kama sita wamesimama, na kijana mmoja simu yake iko juu. Nilikunja kanga yangu nikaondoka, na njia nzima mpaka sokoni mikono ilikuwa inatetemeka. Sijui ile picha iliishia wapi. Bado huwa naiwaza.

Tangu siku hiyo nikitafuta mahali pa kupumzika, kivuli nakiangalia baadaye. Kwanza naangalia yupo nani. Mimi kelele hazininyimi usingizi, nimelelewa nyumba ya watoto tisa. Kinachoninyima usingizi ni kutojua nani atasimama juu yangu nikiwa nimefumba macho. Kwa hiyo, ndugu mhariri, jibu langu kwa swali lenu ni mtu, na mtu mwenyewe ni fundi cherehani.

Kibaraza chake kiko nyuma ya soko. Wiki ile ile ya aibu nilimpelekea sketi anipindie, nikakaa kwenye benchi kusubiri, nikasinzia nimeegemea ukuta. Nilipozinduka sketi ilikuwa imeshakunjwa, imewekwa pembeni yangu, na yeye anashona ya mtu mwingine kana kwamba mimi sipo. Nikamsalimia upya, "Shikamoo babu," kama mtu aliyefika sasa hivi. "Marahaba, Mama Vitunguu. Kesho ukichoka njoo." Hakuuliza kitu kingine.

Sasa kuna utaratibu. Anatandika boksi lililofunguliwa nyuma ya meza ya kukatia, pale ukuta unapokingia upepo. Mto wangu ni kiroba cha vipande vya vitenge, na kwa kuwa vipande vinabadilika, kila wiki harufu yake ni nyingine: wiki ya harusi kinanukia nguo mpya, wiki ya sare za shule kinanukia wanga. Nguo za wateja zinazosubiri kuchukuliwa anazitundika kwenye kamba upande wa njia, ikawa pazia. Stuli yake ya pili anaiweka mbele ili wapita njia wazunguke. Mimi najifunika kanga mpaka usoni. Cherehani yake ni ya kukanyaga, inakwenda, inatulia anapogeuza kitambaa, inakwenda tena, na mimi huwa sifiki mgeuzo wa tatu. Muda ukiisha anagonga mkasi mara tatu kwenye ukingo wa meza. Miaka yote hii hajawahi kunigusa hata bega kuniamsha. Mimi heshima ile naithamini kuliko kivuli chenyewe.

Na mimi nina zamu yangu. Ijumaa anapokwenda kuswali, nakaa kwenye kiti chake. Napokea nguo, naandika jina kwenye karatasi na kuipachika kwa pini, nimeshajua hata kupima kiuno. Cherehani ya mtu ni shamba lake, huwezi kuiacha barabarani ukaenda kusujudu na moyo umetulia. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri, na kila mmoja anamlindia mwenzake saa yake.

Kuhusu muda, nina mteja ambaye ni nesi wa zamu za usiku, yeye ndiye aliyenifundisha. Zamani nilikuwa najiachia mpaka saa nzima nikidhani ndiyo kupumzika, naamka kichwa kizito, mteja ananiambia nusu kilo nampimia robo. Akanieleza kwamba ukivuka nusu saa mwili unaingia kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa humo ndani unatoka kama uliyelewa. Dakika 20 zinatosha. Na usilale saa za jioni, utaukosa wa usiku. Nimejaribu, ni kweli kabisa. Saa saba na nusu nalala, kabla ya saa nane nimeshanawa uso.

Najua msomaji mwingine ni mgeni wa mji huu, hana fundi wala jirani. Kwake yeye ningesema aende Boma, pale kwenye Makumbusho, mwisho wa barabara ya Boma. Unalipa kiingilio, na kiingilio ndicho kinachokupa haki ya kukaa, hakuna wa kukuuliza soda. Mimi huenda siku moja moja mzigo ukiisha mapema. Ngome ile Wajerumani waliijenga mwaka 1900, na Waarusha na Wameru ndio waliolazimishwa kuifanyia kazi. Mimi ni Mwarusha. Mara ya kwanza niliingia pale kwa shingo upande, nikaugusa ukuta ule mnene mweupe, nikamfikiria babu wa babu yangu. Halafu nikakaa kwenye nyasi kivulini mwake, nikavua viatu. Nilijisikia nina kila haki ya kivuli kile. Nyuma mto Themi unapita, na miti yake ni ya zamani. Nilisinzia nimekaa, mgongo ukutani, kama wanavyofanya wale mama wa Kimaasai wanaoleta maziwa mjini: miguu imenyooka mbele, vibuyu vimebanwa kati ya magoti, shuka limevutwa kichwani. Ukilala hivyo hakuna anayekuuliza kama umekunywa. Ni ujuzi, na wao wanao.

Mtoni huko huko kuna Themi Living Garden, ambako akina mama wanalima mboga na kupika. Pale unakula, unakaa, hakuna anayekufukuza. Ndege wengi. Ukienda Oktoba au Novemba, njiani jakaranda zimechanua na barabara zimegeuka zambarau, hata uchovu unapungua kwa kutembea tu.

Kwenye nyasi za mnara wa Azimio la Arusha, karibu na Kaloleni, watu wanakaa sana, lakini magari yanazunguka pande zote. Ni pa kupumzisha miguu, siyo macho.

Makanisa ya mjini siku za kazi ni mazuri kuliko watu wanavyodhani. Mchana mlango uko wazi, ndani kuna ubaridi, benchi za nyuma hazina mtu. Siku moja, wiki niliyofiwa na mama, niliingia nikainamisha kichwa kuomba na sala ikanipeleka usingizini. Mzee mmoja wa kanisa akaja kufunga madirisha. Nilitaka kusimama, akanionyesha kwa mkono nikae. "Kaa, mwanangu. Umefika kwa Baba yako." Nililala pale mpaka wanakwaya walipoanza kufika, na ndio usingizi wa kwanza niliopata tangu msiba. Wenzangu Waislamu nao wana upande wa wanawake msikitini, baada ya Adhuhuri wanajinyoosha kidogo. Wao wanaiita kailula, na wananiambia ni sunna. Niliposikia kwamba kulala mchana kuna jina na kuna thawabu, nilifurahi kwa niaba yao.

Kifodi, daladala yetu ndogo, nacho kinasaidia, kile kinachosubiri abiria stendi. Ukiwahi kiti cha dirishani nyuma, kabla hakijajaa unapata dakika zako 15. Lakini fumba macho ukiwa umepakata mkoba, mkono umepita ndani ya mshipi wake. Na mwambie konda unashuka wapi, la sivyo utaamkia mwisho wa njia. Kwa dada anayesafiri peke yake na hela za mauzo mimi simshauri.

Nina ombi, na naomba mlichape. Arusha imekuwa jiji tangu 2012. Kila asubuhi tunalipa ushuru sokoni, na choo tunalipia kila tunapoingia, hatulalamiki, choo ni lazima kiwe kisafi. Basi pawepo na chumba kimoja pembeni ya soko, mikeka kumi, dirisha, ndoo ya maji ya kunawa, na mama mmoja mlangoni wa kuangalia mizigo na kutuamsha. Tulipie kama tunavyolipia choo. Mwenye mimba anayeuza nyanya tangu alfajiri analala wapi? Namwona kila siku, analaza kichwa kwenye mizani. Na zile benchi za zege zinazojengwa mjini, ziwekewe mgongo. Mtu aliyechoka anahitaji kuegemea.

Nimemtaja binti wa parachichi. Ana miaka kumi na tisa, amekuja mjini mwaka huu, anaishi mtaa wa Unga Limited na wenzake wanne chumba kimoja. Wiki mbili zilizopita nilimkuta anajibana mashavu kwa kucha ili asisinzie. Nikamwuliza, "Unalala saa ngapi, mwanangu?" Akasema usiku wenzake wanaangalia simu mpaka saa saba, na yeye ndiye wa kwanza kuamka. Nikamchukua mpaka kibarazani. Alisimama pale mbele ya boksi akiangalia kulia na kushoto, uso ule ule niliokuwa nao mimi siku ya rungu. Babu hakumwangalia, aliendelea kukanyaga cherehani. Mimi nikavuta stuli, nikakaa njiani, mgongo kwake, nikatoa vitunguu vyangu nikaanza kuvimenya maganda makavu.

Sasa tunapokezana, yeye saa saba, mimi saa saba na nusu. Jana ilikuwa zamu yake, na dakika 20 zilipita nikaona hajageuka hata upande. Babu aliinua mkasi. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Mteja wake wa hotelini alikuja sokoni akitaka parachichi thelathini zilizoiva, nikakimbia nikamchagulia mimi, moja moja kwa kidole gumba, hela nikazifunga kwenye pindo la kanga yake alikolaza kichwa.