Turubai Likishashushwa: Maswali na Majibu

Barua za msiba zimenijia nyingi mwezi huu, karibu zote za vifo vya ghafla: bodaboda, presha, mtu kalala hakuamka. Nazijibu chache.

Mume wangu alianguka kazini, akafia njiani. Matanga yameanuliwa, ndugu wamerudi mikoani. Kila mtu ananiambia nijikaze. Niende wapi? – Mama G., Temeke

Pole sana, mama. Usijikaze. Neno hilo limewaumiza wajane wengi, maana anayeambiwa ajikaze hujifunza kuficha. Kifo cha ghafla hakikukupa nafasi ya kuaga. Kusikilizia geti usiku, kusahau sufuria jikoni, hata kumkasirikia marehemu, yote hayo huwapata wafiwa. Hujachanganyikiwa.

Kuzika tunajua. Kamati inaundwa usiku uleule, michango inapita kwenye simu, turubai na viti vinafika kabla hakujapambazuka. Tukishaanua matanga, kamati nayo inakufa. Nimelisema hili miaka yote na sitaliacha: mchango wa mwezi wa tatu una kazi kubwa kuliko ule wa siku ya kwanza. Kwa hiyo usingoje watu wakukumbuke. Wataje kwa majina na uwaombe jambo moja moja: wifi aje alale kwako Ijumaa, jirani akusindikize RITA kufuatilia cheti cha kifo. Kama una jumuiya ndogondogo au akina mama wa msikitini, waambie wazi kwamba bado unahitaji watu. Kisha nenda Hospitali ya Rufaa ya Temeke uulizie ofisa ustawi wa jamii au kitengo cha afya ya akili. Si lazima uwe mwendawazimu ndipo upokelewe.

Kifua kikibana au pumzi zikikata, usiseme ni majonzi tu. Upo ugonjwa wa moyo unaoletwa na mshtuko. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na karatasi ya kiwanja, gari au mafao usiisaini sasa, hata ikiletwa na shemeji unayempenda. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama.

Nipo hatua ya hasira au nimeshafika ya kukubali? – Kijana wa Morogoro

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado watu wanasambaziana zile hatua tano za majonzi (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali) kama ratiba ya basi. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Hakuwa anazungumza na wafiwa. Hakuna hatua uliyoiruka.

Mjukuu wangu ana miaka 6. Tulimwambia mama yake amesafiri. Tumwambie lini ukweli? – Bibi, Tanga

Leo jioni, bibi, na umwambie wewe mwenyewe kwa kuwa anakuamini wewe. Sema "amekufa": hapumui tena, hasikii maumivu, hatarudi. Ukisema amelala, mtoto ataogopa kulala. Ukisema amesafiri atamngoja, na siku moja ataambiwa ukweli na mtoto wa jirani, asikuamini tena. Atauliza, ataenda kucheza, kesho atauliza tena, mjibu vilevile. Mwambie pia kwamba si kosa lake, maana watoto wa umri huo hudhani ukorofi wao ndio ulioua. Akigoma kula au kwenda shule kwa muda mrefu, piga 116, namba ya msaada kwa watoto. Ni bure.

Mjane aliye kwenye eda anaruhusiwa kwenda kwa mshauri? – Zanzibar

Ndiyo. Eda ni miezi 4 na siku 10, na haijawahi kumzuia mjane kutibiwa.

Dada yangu analia kila usiku. Nimnunulie Valium duka la dawa? – Mbeya

Hapana. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2013 kwamba wafiwa wasipewe dawa za kundi hilo, yaani za kutuliza na kuleta usingizi, kwa ajili ya majonzi tu. Mwili huzizoea upesi. Na zile sindano wanazochomwa akina mama msibani ili wasipige kelele mbele ya wageni, naomba ziachwe. Mama anazinduka mwanawe ameshazikwa, hata uso hakuuona.

Kaka yetu alijiua. Wazee wameamua tuseme ni malaria. Siwezi kulia mbele ya mtu. – Mombasa

Pole, ndugu yangu. Siri hiyo itakutenga na kila anayekuja kukupa pole. Huna haja ya kuutangazia mtaa. Chagua mmoja au wawili uwaambie ukweli, na wengine wakiuliza sema tu kwamba bado inakuuma kueleza. Kama wazee wanaogopa sheria, waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Kama ni aibu wanayoiogopa, waulize nani atathubutu kuomba msaada katika nyumba inayoficha.

Utajiuliza ni dalili gani uliiona ukaipuuza. Swali hilo huwakesha wengi waliofiwa hivi, na hulimalizi ukiwa peke yako. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, hulipii. Na yeyote nyumbani akisema anataka kumfuata marehemu, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.