Green Bay bila tiketi ya mechi

Dada, umeuliza uwapeleke wapi wanao huko Green Bay, Wisconsin, mwezi Desemba, maana tiketi za Packers, timu ya huko ya futiboli ya Kimarekani, zimekushinda bei. Usiahirishe safari. Nenda siku isiyo na mechi.

Lambeau Field, uwanja wa Packers, ina ziara za kuongozwa, na makumbusho ya timu yamo humohumo. Waeleze watoto kwamba mji wenyewe una watu laki moja na ushei tu, lakini uwanja unachukua zaidi ya 80,000, na timu inamilikiwa na mashabiki walionunua hisa. Mimi jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria.

Mkihisi njaa, ndani ya uwanja kuna mgahawa uitwao 1919 Kitchen & Tap; jina ni mwaka timu ilipoanzishwa. Agiza vipande vya jibini vya kukaanga, ndicho chakula cha Wisconsin. Kisha vukeni barabara hadi Titletown, eneo la burudani; theluji ikiwapo watoto watateleza kilimani.

Ila nguo nzito, tafadhali. Fainali ya ligi ya tarehe 31 Desemba 1967 ilichezwa hapo Lambeau kwenye baridi ya nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Glavu za pamba hazitoshi.