Kabla hujamcheka mwandishi wa zamani

Ukikabidhiwa maelezo ya kale ya wanyama wa Amerika, swali la kwanza liwe hili: mwandishi alikuwa na nini mezani? Ngozi nzima, mchoro, kipande cha mguu, au masimulizi ya wawindaji tu? Wanafunzi wengi hurukia jina la kisayansi wakidhani kazi imekwisha.

Mchukue Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Machi 1797, mjini Philadelphia, yalisomwa maelezo yake mbele ya American Philosophical Society, chama cha wanazuoni, kuhusu mifupa iliyotoka pangoni, magharibi mwa Virginia. Alikuwa na mifupa ya miguu na kucha za kutisha. Fuvu hakuna, jino hakuna. Akapima, akalinganisha na vipimo vya simba, akaamua huyu ni mla nyama anayemzidi simba zaidi ya mara tatu, na huenda bado yu hai huko magharibi. Akamwita Megalonyx.

Wengi huishia hapo na kusema alipotoka. Wewe soma mpaka nyongeza ya mwisho. Kabla maelezo hayajasomwa, aliona katika jarida la Uingereza habari na mchoro wa Megatherium, mnyama aliyefukuliwa karibu na mto Luján, Argentina, na kiunzi chake kusimamishwa Madrid. Kucha zilifanana mno. Akaandika nyongeza kukiri kwamba suala la simba lina shaka. Kisha fungua juzuu lilelile la chama hicho lililochapa maelezo ya Jefferson, usome makala ya daktari Caspar Wistar, aliyeichambua mifupa hiyohiyo mmoja mmoja na kuonyesha kuwa inafanana na ya slothi, yule mnyama mzito wa mwendo anayening'inia mitini. Asiyemsoma Wistar amesikiliza upande mmoja wa kesi.

Tarehe nazo ziangalie: maelezo ya Jefferson yalisomwa 1797, yakachapishwa 1799. Andika zote mbili, maana wanaozichanganya hawaishi.

Ulizia pia ugomvi uliokuwepo. Buffon, bingwa wa elimu ya wanyama wa Ufaransa, alikuwa ameandika kwamba wanyama wa Amerika ni wadogo na dhaifu. Jefferson hakumsamehe, mwaka 1787 alimpelekea Paris ngozi na mifupa ya musi, mnyama mkubwa kabisa wa jamii ya kulungu. Mtu mwenye kisa cha namna hiyo akiona ukucha mkubwa, simba humjia haraka. (Binafsi simlaumu sana.)

Vielelezo vyenyewe vilipita mikono mingi. Fuvu la Toxodon, mnyama mkubwa wa kale wa Amerika Kusini, ambalo Darwin alilinunua Uruguay mwaka 1833 kwa peni 18, wavulana walikuwa wamelifanya shabaha ya mawe hadi meno yakang'oka. Darwin aliokota jino la mnyama wa aina hiyohiyo ukingoni mwa mto, maili kama 180 kutoka hapo, likaingia sawasawa kwenye tundu la fuvu. Ukikuta fuvu na jino katika maelezo mamoja, usidhani vilikuwa vya mnyama mmoja.

Neno "ametoweka" liandike kwa penseli. Peter Lund, mtafiti kutoka Denmark, alimweleza mbwa-mwitu mdogo wa msituni kutokana na visukuku vya mapango ya Brazil mwaka 1842, akamhesabu miongoni mwa waliokwisha. Kumbe yupo hadi leo. Pekari wa Chaco, mnyama afananaye na nguruwe, naye alitajwa kwa visukuku mwaka 1930. Katika miaka ya 1970 watafiti walimkuta Paraguay akiwa hai, na wenyeji walikuwa wakimwinda siku zote.