Mwanangu, umeme haukukatika

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Tanga sote wazima, ila magoti yangu yana mambo yao.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe. Mara ya pili nikasikia sauti yako ilivyoshuka, nikaacha. Nakujibu kwa kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, tabia unayo tangu unavaa kaptula.

Nilivyokuelewa ni hivi. Mkeo ana mimba ya miezi saba na kila siku anautaja mkate wa kumimina wa kwao Pemba. Alipokwenda Makambako kumtazama dada yake ukampigia simu ukamwahidi: ukirudi kesho, utaukuta mkate mezani. Ukaroweka mchele kwa saa moja tu, ukausaga, ukachemsha tui ili baridi ya Njombe isiliweze, ukatia hamira, ukangoja tangu Maghrib hadi saa nne usiku. Uji ukabaki pale pale. Ukaongeza hamira nyingine, ukaubandika kwenye gesi, ukafunika. Chini ukaungua ukawa mweusi, juu ukabaki mweupe na mbichi kama gundi. Alfajiri ukaupeleka kwa nguruwe wa jirani, na mkeo aliporudi ukamwambia umeme ulikatika usiku kucha, blenda haikufanya kazi.

Nazi za kununua huko juu kwa bei ile, halafu wamekula nguruwe! Haya, tuyaache.

Umeniuliza ulikosea wapi, na ufanyeje usione haya kila akiutaja huo mkate. Halafu ukamalizia na neno lililonichoma kuliko yote: "Wewe mama hujawahi kuharibu kitu jikoni." Hilo nitalirudia. Kwanza mkate.

Aliyeua ni tui. Hamira ina uhai, mwanangu. Nimelisema hilo mbele ya wasichana wa sayansi kimu miaka 26, na mwanangu wa kumzaa anaimwagia tui linalochemka. Ikifika nyuzi 60 hivi imekufa, hata ukiisubiri mpaka Idd. Tui liwe vuguvugu: ukichovya kidole usisikie moto wala baridi. Na hata hiyo hamira yenyewe uijaribu kwanza. Maji vuguvugu nusu kikombe, sukari kijiko, hamira kijiko, koroga, acha. Dakika 10 zikipita bila povu, itupe, ukanunue nyingine. Ile ya kopo ulilofungua mwaka jana na kuliacha juu ya kabati siiamini.

La pili, mchele wa saa moja haujarowana. Unataka usiku mzima, ndipo usagike ukawa laini. Ukiupima kati ya vidole usisikie mchanga. Na usichukue ule wa kunukia, huo tuuachie pilau. Mchele mkavu wa kawaida vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko cha chai, iliki kadiri upendavyo, ute wa yai moja. Sukari, robo tatu ya kikombe, mimi huitia mwisho, uji ukishaumuka, dakika chache kabla ya kumimina. Wako wanaoitia mwanzo. Sigombani nao.

La tatu ni huko unakoishi. Njombe mko juu zaidi ya mita 1,800, na Julai yenu naijua, nilikuja na sweta mbili nikazivaa zote. Baridi hiyo inailaza hamira hata ikiwa nzima. Weka sufuria ya uji ndani ya beseni la maji vuguvugu, funika na blanketi, ukiyasikia maji yamepoa uyabadilishe. Lakini usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili upate joto la kuumulia. Mkaa katika chumba kilichofungwa unaua watu wamelala, wala hauwapi harufu ya kuwaamsha. Na ukishaona uji umepanda na vipovu vimetapakaa juu, usingoje tena. Huko juu hewa ni nyepesi, kinachoumuka huumuka kwa pupa kisha kikaanguka.

Kuhusu gesi: mkate wa kumimina unataka moto chini na moto juu, na gesi inakupa wa chini peke yake. Ndiyo maana wako ulikuwa na nyuso mbili. Anza na moto mdogo, sufuria nzito, mafuta kidogo yapate moto kabla ya kumimina. Vitundu vikianza kujitokeza juu, hapo ufunike na bati, uweke makaa juu ya bati, na chini upunguze kabisa. Ukiona kingo zimeachana na sufuria, choma katikati na njiti. Ikitoka kavu, ipua. Usiufunue funue.

Hilo la kufunua ndilo linalonirudisha kwenye neno lako.

Mwaka 1979 baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mgambo aliyepelekwa vita vya Kagera. Tulikuwa tumeoana miezi minne tu alipoondoka. Nilikuwa simjui bado, nakwambia ukweli. Nilikuwa najua anavyotembea na anavyokohoa asubuhi, basi. Ikaja barua kwamba anarudi, tutamwona Jumamosi au siku ya pili yake. Nikapania kumpikia keki. Unga wa ngano niliupangia foleni siku mbili, sukari niliiweka kidogo kidogo kwa kunywa chai ya chumvi, mayai yalikuwa ya kuku wa bibi yako. Oveni hatukuwa nayo. Nilitia mchanga katika sufuria kubwa, nikaweka ndogo ndani yake, bati juu, na makaa juu ya bati.

Nyumba yetu wakati huo ilikuwa karibu na barabara, na askari walikuwa wanarudi kwa malori. Kila lori likipita nilikimbia mlangoni. Si yeye. Narudi jikoni, na kwa kuwa moyo hautulii, nafunua bati nitazame keki. Lori jingine, mlangoni. Narudi, nafunua. Keki ikifunuliwa kabla haijashika, joto lote linatoka na katikati panabonyea. Hayo niliyajua baadaye, nikayasomesha. Siku ile nilichojua ni kwamba nimefunua kama mara tisa, jivu limedondokea ndani, na nilipoipua ilikuwa na shimo katikati unaloweza kuwekea kikombe. Juu nyeusi, ndani mbichi.

Nikakaa chini pale jikoni nikalia. Wala si kwa ajili ya unga. Nilikuwa sijui nitamwambia nini mtu aliyetoka vitani, nikawa nimeitegemea keki iseme kwa niaba yangu. Sasa haisemi.

Nikaibeba kwenda kuitupa jalalani. Bibi yako akanizuia uani, akasema neno moja tu: "Unga wa foleni hautupwi." Akainyang'anya, akakwangua weusi wote kwa kisu, akaikata vipande virefu vya unene wa kidole, akavipanga juu ya bati, akaviweka kwenye moto uliokwisha kufa hadi usiku wa manane. Vikakauka vikawa kama vijiti.

Baba yako alifika Jumapili alfajiri, amekonda, macho yameingia ndani. Akapewa chai na vile vipande kwenye sahani. Akauma kimoja. Kikalia ko! Akakitazama, akanitazama, akasema, "Kumbe na huku mnaletewa biskuti za jeshi?"

Bibi yako alicheka hadi akaangusha kikombe. Mimi nikalia tena, kisha nikacheka, na kwa kuwa ilibidi nieleze, nikamsimulia malori yote tisa. Akanisikiliza huku anachovya. Hakusema ni tamu, hakuwa mtu wa uongo wa namna hiyo. Alisema tu, "Tisa?" Miaka mingi baadaye, nikichelewa sokoni nikarudi nimekunja uso, alikuwa ananiuliza malori mangapi yamepita.

Sasa wewe na dada yako mnazikumbuka biskuti za jeshi. Ndiyo, hizo hizo mlizokuwa mkigombania hadi mkachaniana mashati, za kwenye kopo la bluu juu ya friji. Mlidhani naziandaa makusudi. Mwanangu, kila mlipozila ujue kuna keki ilikuwa imeniharibikia wiki hiyo. Mara moto umezidi, mara jirani kaja na umbea nikaisahau, mara mayai yalikuwa madogo. Na kwa kadiri ninavyokumbuka lile kopo halikuwa likikaa tupu. Kwa hiyo usiniambie sijawahi kuharibu kitu. Wewe umelelewa kwa vilivyoharibika.

Mkate wako wa mchele usingekuwa biskuti, huo nakubali, ule ubichi wa katikati haukuwa na dawa. Lakini ungeuacha juu ya meza. Mkeo angeukuta na ganda lake jeusi, angekuuliza, nawe ungemweleza tui lilivyochemka na wewe ulivyokaa unauchungulia uji hadi saa nne usiku. Mwanamke mwenye mimba, aliye mbali na kwao, katika baridi ile, angependa kuyasikia hayo. Badala yake umempa umeme. Na hakuna aliyedanganyika, maana nazi iliyoungua hainyamazi. Harufu yake inakaa kwenye mapazia siku tatu. Mtu wa Pemba asiijue? Kanyamaza kwa sababu anakustahi, na anangoja useme mwenyewe.

Hiyo haya unayoiona kila akiutaja mkate, nadhani hailetwi na mkate. Huo umeme ndio unaokukaba.

Sitakuandikia methali ya koleo na uhunzi, unaijua. Fanya hivi. Kesho nampa kondakta mzigo: nazi 10, hamira mpya pakiti mbili, iliki, na lile bati langu la kufunikia, la zamani. Lina alama ya moto pembeni, usilisugue. Ukienda kupokea mzigo nenda mapema, wasije wakaziweka nazi juani. Ukirudi, mweke mkeo jikoni juu ya kiti chenye egemeo, miguu ipate kigoda, achambue mchele. Muulize kwao wanatia sukari mwanzo au mwisho. Akisema mwanzo, fuata lake, usimtaje mama yako. Uji mbichi asiuonje, una yai. Ukiharibika tena, nipigieni wote wawili niucheke vizuri.

Na habari ya umeme umweleze kabla ya Ijumaa. Ijumaa huwa ananipigia, na juzi kaniuliza kama na huku Tanga umekatika. Nilijitia kikohozi. Safari nyingine kikohozi hakitanitosha.

Wasalaam,
Mama yako