"Kwenu" Ni Kwa Nani? Maneno ya Kujua Kabla ya Majibu ya Selimundu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba yeye na mchumba wake wamepimwa, wote wamekutwa na AS, yaani kila mmoja ana A moja ya kawaida na S moja ya selimundu, na akauliza kama ile robo waliyotajiwa, ya uwezekano wa kupata mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, ina maana kwamba watoto watatu wa kwanza watakuwa salama. Swali lake lilinirudisha siku nilipoketi kliniki na binti yangu wa miezi kumi, vidole vyake vimevimba na kung'aa, nikaambiwa harakaharaka, "Ana SS, ameirithi kwenu." Niliitikia kana kwamba nimeelewa. Mhudumu alimaanisha sisi wazazi wawili, lakini nilipoyarudia maneno hayo nyumbani, mama mkwe alisikia ukoo wangu peke yake, na aliyoyasema mbele ya mawifi zangu bado hayajanitoka.

Laiti ningejua wakati ule kwamba kiini cha seli hubeba kromosomu 46, nyuzi za urithi, katika jozi 23, na kwamba katika kila jozi moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba! Jeni ni kipande cha DNA, kemikali ya urithi inayounda nyuzi hizo, chenye maelekezo, mara nyingi ya kutengeneza protini, na jeni inayohusika hapa imo katika kromosomu ya 11. Herufi moja tu ya DNA yake ikibadilika, jeni ya kawaida, A, huwa S, na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hugandamana oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu ya damu hupinda kama mundu. Mtoto wa SS, basi, amepokea S mbili, moja kutoka kila upande. Mume wangu alikubali kupimwa baada ya miaka miwili. Karatasi yake ilisema AS, na mama mkwe akauliza kama mashine ilikuwa nzima.

Kuhusu robo, nilimwonyesha mume wangu kwa sarafu mbili za shilingi 100, moja yake na moja yangu, upande wa swala ukiwa S na wa pili A. Tulizirusha pamoja, na swala wawili walitokea mara mbili mfululizo, kwa kuwa sarafu haikumbuki ilivyoanguka mwanzo. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ni mrusho mpya: robo SS, nusu AS, robo AA.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kuitikia msichokielewa. Ombeni majibu kwa maandishi, ulizeni kila herufi, na msikubali mama apimwe peke yake. Wewe uliyeniandikia, rudini kliniki mkiwa wawili, na karatasi zote mbili mkononi, kabla wazee hawajaketi kupanga mahari.