Wadai wakiwa wengi, usipatane nao mmoja mmoja

Ukiwa na mdai mmoja, makubaliano ya mdomo yanaweza kutosha. Anakujua, mnakutana sokoni, ukichelewa unampigia simu. Mimi nauza samaki hapa Malindi, na nilikuwa na wadai wanne: benki, chama cha akiba na mikopo, aliyeniuzia mafriza kwa awamu, na mfanyabiashara mwenzangu. Kila mmoja nilipatana naye kivyake. Ubaya wa mpango huo ni kwamba anayelipwa kwanza ni yule anayepiga simu kwa ukali. Wapole husubiri hadi wachoke, nao waende kwa wakili.

Ndipo nikaelekezwa kwenye Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Wengi wetu tukisikia ufilisi tunaona mnada tu. Kumbe sheria hiyohiyo inamruhusu mdaiwa kuandaa pendekezo la kulipa, chini ya msimamizi aliyeidhinishwa, na kuiomba Mahakama Kuu amri ya muda inayowazuia wadai kumshtaki wakati pendekezo linajadiliwa. Wadai huitwa kwenye mkutano mmoja, wakapiga kura. Mpango ukikubaliwa na mahakama ikauidhinisha, hakuna tena wa kuvuta kamba upande wake.

Nakusihi, orodhesha kila deni, hata la jirani. Mdai uliyemficha ndiye atakayeuvuruga mpango.

Halafu usiahidi kiasi kimoja kwa miezi yote kama mapato yako hayako hivyo. Kusi ikivuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki na samaki huadimika. Kaskazi ikiingia, uvuvi hufunguka, wageni huja, na mahoteli hununua. Nilipeleka daftari langu la mauzo, tukaweka awamu ndogo za kusi na kubwa za kaskazi. Wadai waliliona daftari, wakaelewa. Hilo ndilo naliona muhimu kuliko yote, kwa sababu mpango ukiuvunja, unaweza kuishia kutangazwa mufilisi kweli.

Iombe benki taarifa kamili ya mkopo kabla ya mkutano. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishaacha kulipwa na ukahesabiwa hivyo, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haizidi salio la mkopo lililokuwepo wakati huo. Wengi hulipa zaidi kwa kutojua.

Kama umeweka nyumba au shamba dhamana, fahamu kwamba mpango haugusi haki ya mwenye dhamana asiporidhia. Zungumza naye kwanza. Na wadhamini wako wa chama waambie mapema, wasisikie kwa watu.

Msimamizi na wakili hulipwa. Kwa madeni madogo, uliza kwanza kuhusu amri ya kulipa kwa awamu, ambayo huombwa kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi. Na kama mdai ni mmoja, andikeni kiasi, tarehe na la kufanywa ukichelewa, mtie saini mbele ya shahidi. Ila usitie saini deni unalolipinga: kulikiri kwa maandishi huanzisha upya ile miaka 6 ambayo mdai anaruhusiwa kukushtaki kwa deni la mkataba.