Kuanza sprint car kwa bajeti ndogo

Ndugu, umeuliza kama dola 10,000 zinatosha kuingia mbio za sprint car, yale magari mepesi yenye nguvu yanayokimbia kwenye viwanja vya udongo, huko Iowa, Marekani. Kwa gari la 410 (yaani injini ya inchi za ujazo 410) kama yale ya uwanja wa Knoxville hapo Iowa, hapana. Injini mpya peke yake inapita dola 40,000. Tafuta micro sprint, yaani sprint car ndogo, iliyotumika, yenye injini ya pikipiki ya cc 600.

Kabla hujatoa hela, lala chini ya gari. Kwangua tope kwenye maungio ya fremu, pitisha kidole kila palipochomelewa. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kukuua. Mikanda ya kiti ina lebo ya tarehe; ikipitwa na muda, wakaguzi watakurudisha. Kofia, suti ya moto na kinga ya shingo nunua vipya, hata kama rangi ya gari itasubiri mwaka mzima.

Mimi nilianza kwa kumsaidia jamaa kila Jumamosi usiku, kuosha matairi na kuweka mafuta. Ndipo nilipojua kwamba moto wa methanoli, mafuta ya magari haya, mchana hauonekani kwa macho. Ndoo ya maji isikae mbali na gari, tafadhali.